Waliokataa Nyama ya Wakonyo

Mume wangu Mutahi aliacha kula nyama wiki ile ile Mwai alipochomwa moto pale njia panda ya dipu, josho la ng'ombe, na mimi kwa muda mrefu niliyaona hayo kuwa mambo mawili tofauti.

"Ni gauti," aliniambia. "Daktari amesema nikiendelea na nyama nitatembea na magoti."

Nilimwamini. Hapa Tetu mwanamume hawezi kuacha nyama kimyakimya, lazima awe na sababu, maana ataulizwa harusini, ataulizwa matangani, ataulizwa hata na mwenye bucha. Sababu ya Mutahi ilikuwa nzuri. Kidole chake cha mguu kiliwahi kuvimba kweli, na watu wakamtania kwamba amepata ugonjwa wa matajiri kabla ya kupata utajiri.

Mimi nafanya kazi katika duka la vitambaa la Bharti, mjini Nyeri. Bharti hajaonja nyama tangu azaliwe, kwa hivyo nikamuuliza namna ya kupika dengu ili mtu asahau nyama. Alinifundisha kukaanga bizari kwanza, peke yake, kabla ya kitunguu.

"Kwani bwana yako amekuwa mtu yetu?" aliniuliza akicheka.

"Ni gauti."

"Basi yeye ni ya daktari. Mimi ni ya nyanya yangu. Nyanya alikuwa anasema, mnyama akiogopa kabla ya kufa, ile woga inabaki ndani ya nyama, na wewe unaimeza."

Jioni hiyo nilimpakulia Mutahi dengu na nikamsimulia maneno ya nyanya ya Bharti kama kichekesho. Aliweka sahani chini, akatoka nje, akasimama karibu na zizi tupu hadi chakula kikapoa. Nilidhani ameona aibu kulinganishwa na Wahindi.

Zizi lilikuwa tupu kwa sababu mwaka ule ng'ombe walikuwa wakichinjwa mashambani. Wezi hawakuwaswaga tena. Walikuja na visu na magunia, wakamwangusha ng'ombe wako katikati ya nyasi zako za nepia, na kulipopambazuka ulikuta kichwa, ngozi na matumbo. Wa kwetu alikuwa karibu kuzaa. Tulimkuta ndama kando ya kichwa cha mama yake, bado amefunikwa na utando, kwato zake laini kama sabuni iliyolowa. Mutahi alipiga magoti kwenye damu ile akalia kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alipoinuka aliniambia, "Nikimpata huyo mtu, Watiri, nitamla akiwa hai." Mimi nilikuwa na mimba ya Wangui. Nilimwitikia ndiyo, na nilimaanisha.

Mwai hakuwa mwizi. Alikuwa mchinjaji wa sherehe, mwanamume mpole aliyeishi na mama yake, Wakonyo, chini karibu na mto. Ukiwa na ngurario, ile sherehe ya kukamilisha ndoa, ulimwita Mwai aje kuchinja na kupasua. Na mchinjaji haondoki mikono mitupu: hukatiwa fungu la kumpelekea mama yake, mbavu na kipande cha mgongo, kwa sababu mama ndiye aliyemzaa mwenye mkono. Asubuhi ile Mwai alikuwa akitoka ng'ambo ya mto kwenye sherehe ya jana yake. Alikuwa na gunia begani, gunia linatoa damu, na kisu kimefungwa kwenye gazeti. Akapita pale dipu, mahali wanaume walikuwa wamekusanyika wakizungumza juu ya ng'ombe mwingine aliyechinjwa.

Mimi nilikuwa kazini. Nilishuka barabarani alasiri nikasikia harufu, na nikadhani kuna mtu anachoma mbuzi. Nilikuwa na mimba, nilikuwa na njaa, na mate yakanijaa mdomoni. Nikakata kona. Palikuwa na nyaya za tairi juu ya lami, zimejikunja, na ndani ya zile nyaya palikuwa na kitu ambacho mtu alikuwa amekifunika nusu kwa jani la mgomba. Mkono ulikuwa umebaki nje. Vidole vilikuwa vimekunjika kama vya mtu anayeomba chumvi.

Tangu siku hiyo mimi pia sijala nyama. Watu niliwaambia ninamsindikiza mume wangu, nisimtamanishe.

Polisi walikuja, wakauliza, na kila mtu alikuwa shambani. Miezi michache baadaye watu wasiojulikana kwetu walinaswa Wang'uru, gari lao limejaa nyama chini ya magunia ya mchele, na wakataja mashamba waliyoyavamia, moja baada ya jingine, hata letu. Habari hiyo ilipofika, watu waliinama wakaendelea kuchuma majani chai.

Mwaka wa pili Wakonyo akatuita sote. Alikuwa amejenga kaburi la mwanawe kwa saruji, na alitaka ibada ya kumbukumbu, halafu watu wale. Kukataa kwenda kungesema mengi, kwa hivyo tulienda, Wangui mgongoni mwangu.

Mutahi alivaa koti. Njiani aliniuliza kama dengu zimebaki nyumbani.

"Tutapata mukimo huko," nikamwambia. "Sema tu gauti."

"Nitasema."

Tulipofika ibada ilikuwa inamalizika, na Mburu, mdogo wake Mwai, alikuwa akimleta mbuzi wa mwisho. Wengine walikuwa tayari juu ya moto. Huyu hakumchinja kama bucha wanavyochinja. Alimlaza, akampanda ubavuni, akamziba pua na mdomo kwa viganja viwili kama wazee wanavyomfanya mbuzi wa sherehe. Mbuzi alirusha miguu, akatupa udongo hadi kwenye viatu vya mhubiri. Macho yalimtoka. Ilichukua muda, na Mburu muda wote hakumtazama mbuzi. Alitutazama sisi.

Nilimtazama Mutahi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Kwetu, nyama choma ni kazi ya wanaume. Wao huchoma, wao hukata, na mmoja hupita na ubao akimkatia kila mtu kipande mkononi. Mwanamke hashiki kisu hicho. Wakonyo alikishika. Alitoka jikoni na leso yake nyeusi, akamnyang'anya Mburu ubao, na wanaume wakaangua kicheko kidogo cha wasiwasi.

"Cucu, wacha vijana wafanye hiyo kazi," Dedan alimwambia yule bibi kizee. Dedan ni mzee wa kanisa, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, mtu mnene mwenye sauti ya kuongoza maombi.

"Kijana wangu wa hiyo kazi hayuko," Wakonyo akamjibu. "Na leo ninataka kila mtu ale kutoka kwa mkono yangu. Ile nyama niliyokuwa naletewa haikunifikia. Sasa mimi nawaletea yenu."

Nyuma yake alikuja msichana wa jirani na sahani tupu ya bati.

Alianza na wageni wa ng'ambo ya mto. Walikula. Mhubiri alikula, akaomba na chumvi. Kisha akafika kwa Wamae, mwenye bodaboda, kijana ambaye zamani angeweza kumaliza mguu wa mbuzi peke yake.

"Nimeokoka, cucu. Kanisa yetu mpya hairuhusu nyama."

"Sawa, mtoto wangu." Wakonyo alikiweka kile kipande kwenye sahani ya bati, akaendelea.

Akafika kwa Dedan.

"Mimi niko na presha, mama. Hata harufu tu inanipandisha."

"Pole." Kipande kikaenda kwenye sahani.

Mwingine alisema ni meno. Mwingine alisema anafunga, ingawa chai yake ilikuwa bado mkononi na andazi ndani ya mdomo. Mwingine akasema ameona kwenye simu jinsi wanyama wanavyoteswa, na siku hizi anawahurumia. Wakonyo hakubishana na mtu. Alisema sawa, alisema pole, alikata, aliweka. Ile sahani ikajaa mbele ya macho yetu, na mafuta yakaanza kuganda juu yake, na watu wakawa wameacha kutafuna.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa kwa akili kwanza. Nilielewa kwa tumbo, kama siku ile ya barabarani. Niliwatazama wale wanaume wa sahani, mmoja baada ya mwingine, na nikaona kwamba kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri, na kila sababu ilikuwa na umri mmoja na mtoto aliyekuwa mgongoni mwangu.

Wakonyo akasimama mbele ya mume wangu.

Nilimwombea ale. Sitaficha hilo. Moyoni nilisema, kula, Mutahi, tafuna, meza, turudi nyumbani, mimi nitajua peke yangu na nitanyamaza. Wangui alikuwa akinivuta nywele na kuimba.

"Na wewe, Baba Wangui?"

Mutahi alikipokea. Alikitia mdomoni, akatafuna. Nikaona koo likipanda na kushuka na kupanda tena. Macho yalimjaa maji. Kisha akakitema kwenye kiganja, akanyoosha mkono mwenyewe, akakiweka juu ya vile vingine.

"Si gauti," alisema.

"Mutahi, kaa chini," Dedan akamwambia kwa upole.

"Si gauti, cucu. Mimi nilikuwa hapo. Mimi ndiye nilimvalisha tairi."

Mburu alikuwa ameshika shoka la kupasulia mifupa. Namshukuru Mungu kwamba alipiga kwa upande butu. Mkono wa Mutahi ulivunjika juu ya kiwiko kwa sauti niliyoisikia hadi kwenye meno yangu, na alipoanguka Mburu akamfuata kwa mateke, mbavuni, usoni, na wanaume wawili wakamrukia Mburu, na benchi likapinduka, na mukimo wa viazi vilivyopondwa ukamwagika motoni. Mtu alimpiga mtu kwa chupa ya soda. Mhubiri alikimbilia nyuma ya tangi la maji. Nilimsogeza Wangui kifuani nikamfunika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwacheni," Wakonyo alisema. Hakupaza sauti. "Mburu, wacha aongee. Wewe umesikia kitu muda huu wote? Mimi sijasikia kitu. Wacha aongee."

Aliinama karibu na uso wa mume wangu, kisu bado mkononi.

"Alisema nini?"

"Alisema, hii ni ya mama." Damu ilimtoka Mutahi puani ikaingia mdomoni, na alikuwa akiitema kati ya maneno. "Alikuwa anarudia tu, ni ya mama, ni ya mama. Sisi tukasema ni mama gani anakula ng'ombe ya wenyewe. Dedan ndiye alimpiga na jiwe kwanza. Wamae akatoa petroli kwa pikipiki. Tairi lilikuwa hapo kwa dipu. Nilipomvalisha alinishika shati, akaniita jina. Mutahi, ni mimi. Aliniambia hivyo. Nilimjua, cucu. Alichinja kwa harusi yangu. Nilimjua na sikulitoa tairi."

"Alilia?"

"Alilia."

"Aliniita?"

"Alikuita mpaka moto ukaingia kwa mdomo."

Wakonyo alibaki ameinama. Kisu kilikuwa karibu na shingo ya Mutahi, na nilimwona akikitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni cha kazi gani. Kisha akakirusha mbali kwenye nyasi.

"Huyu mtu amegongwa kichwa, hajui anasema nini," Dedan alisema. Alikuwa amesimama, anafunga kifungo cha koti. Alipita karibu na mimi akazungumza chini, kama anayenipa pole. "Mama Wangui, mwambie bwana yako afunge mdomo. Nyumba ya mbao inashika haraka. Na wewe huwa unalala na mtoto ndani."

Lakini mke wake, Wakiuru, alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria ya chai, na alisikia.

"Umemwambia nini huyu msichana?"

"Nenda kwa gari."

"Umemwambia utamchoma na mtoto." Sasa alikuwa akizungumza ili sote tusikie. "Presha. Mimi ndiye nakupeleka kliniki, Dedan. Hujawahi kuwa na presha. Ulikuja siku hiyo ukitapika, ukaniambia nifue shati na parafini. Nikafua. Na nyama ukaacha siku hiyo."

Dedan alimzaba kofi lililomwangusha na sufuria. Chai ya moto ilimwagikia miguu yake, na nilidhani ataganda pale chini kama wanawake wengi wanavyoganda. Wakiuru alijikokota hadi kwenye moto, akavuta ukuni unaowaka, akampiga nao mumewe usoni. Cheche zilipaa. Alimpiga tena. Dedan alipiga yowe akiwa ameshika jicho, na ghafla wanawake wengine walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja: wangu alisema ni meno, wangu alisema ni kufunga, wangu huamka akinusa mikono. Ni wiki hiyo hiyo. Ni wiki hiyo hiyo. Mtu alifunga lango kwa mnyororo. Wamae aliruka ua akaingia kwenye kahawa, na vijana wakamrudisha wakimburuta kwa miguu, uso wake unachapwa na matawi.

"Leteni petroli," Mburu alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba maji. Na kijana mmoja alianza kweli kufungua tangi la pikipiki ya Wamae, ile ile, na mwingine akaenda nyuma ya choo akarudi na tairi kuukuu, na nikaona kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile. Hakuna aliyekuwa shetani. Kila mtu alikuwa na kazi ndogo.

Walimketisha Mutahi kwanza kando ya tairi, kwa sababu yeye hangeweza kukimbia. Hakujitetea. Mkono wake ulikuwa umening'inia vibaya, na alitazama ardhi.

Sijui nilifikaje pale. Nilijikuta nimekaa juu ya mapaja yake, mgongo wangu kwenye kifua chake, Wangui mikononi mwangu. Harufu ya petroli ilikuwa tayari kwenye koti lake. Wangui alianza kukohoa.

"Toka hapo, Mama Wangui," Mburu alisema.

"Sitoki."

"Wewe huna makosa. Toka."

"Nitampeleka polisi. Mimi mwenyewe. Sasa hivi, na miguu yake."

"Polisi walikuja. Hawakuona kitu."

"Hawakuona kwa sababu hakuna mtu aliwaambia. Leo wataambiwa. Mimi nitasema, Wakiuru atasema, yeye mwenyewe atasema. Ukimchoma, Mburu, atakayebaki kuongea ni Dedan." Nilimgeuzia Wangui uso kwenye bega langu. "Na wewe utaanza kutafuta sababu ya kutokula nyama."

Mburu alikuwa ameshika kiberiti. Alimtazama mama yake.

Wakonyo alikuja polepole, akakitoa kiberiti katika vidole vya mwanawe kama vile mtu anavyompokonya mtoto kitu chenye ncha.

"Kwa boma yangu hakuna mtu atachomwa," alisema. "Hiyo harufu nimenusa ya kutosha. Fungueni lango."

Tulitembea hadi kituo cha polisi cha Wamagana. Nilimfunga Mutahi mkono kwa leso ya kubebea mtoto, na Wangui nikampakata. Wakonyo alitangulia. Mburu alikuwa nyuma yetu na shoka lake, na Wakiuru, aliyeungua miguu kwa chai, alipanda pikipiki na kutupita. Dedan na Wamae waliletwa na vijana, mikono imefungwa kwa kamba ya mbuzi. Watu walitoka mashambani kutazama, na baadhi yao waliposikia ni nini, walirudi ndani wakafunga milango. Kila tulipopita mahali penye kichaka kizito kando ya barabara, Mutahi alinitazama. Ningemwachia mkono wake, angeweza kujaribu. Mteremko ulikuwa mkali na mto uko karibu.

"Nikiingia huko sitatoka upesi," aliniambia. "Huyu atakuwa msichana mkubwa."

"Najua."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia mambo yote akifika umri wa kusikia. Na nitamleta kukuona kila watakaporuhusu. Usidhani nimekutupa."

Alilia tena hapo, na mimi nikalia, lakini sikupunguza mwendo, kwa sababu nilijua nikisimama nitamfungua.

Askari wa zamu alikuwa akila ndizi. Alitutazama, damu, shoka, mtoto, petroli, bibi kizee mwenye leso nyeusi, akasukuma ganda kando.

"Hiyo kesi ya dipu? Hiyo ilikosa mashahidi, mama. Hiyo ni ya zamani."

"Andika," Mutahi alisema. "Mimi naitwa Mutahi. Nilimvalisha tairi."

Askari alitafuta kalamu. Aliandika kidogo, akamtazama Wakonyo, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi bila kuulizwa na hakuonekana kuwa mtu wa kuondoka. Kisha akaniangalia mimi. Wangui alikuwa amelala, mdomo wake wazi juu ya bega langu.

"Na wewe? Wewe ni nani kwa huyu?"

"Mimi ni bibi yake," nikasema. "Ndiye nimemleta."